Siku tisa na neno moja: kutoka Efeso hadi Lourdes

Neno lenyewe ni ibada. Mkatoliki husema "ibada kwa Bikira Maria" bila kusita, na jirani yake Mlutheri au Mpentekoste akilisikia hahitaji hoja nyingine: mmekiri kwa vinywa vyenu kwamba mnamwabudu Maria. Njia hii ya hija inapita mahali ambapo tofauti kati ya kuheshimu na kuabudu ilibishaniwa, ikaandikwa, ikatafsiriwa vibaya, na mahali ambapo hadi leo inaonekana kwa macho, katika magoti na vinywa vya watu.

Siku ya 1. Efeso

Tunaanzia kwenye nguzo moja. Imesimama peke yake kwenye kiwanja chenye majimaji pembeni mwa mji wa Selçuk, Uturuki, na mara nyingi juu yake kuna kiota cha korongo. Ndiyo iliyobaki ya hekalu la Artemi. Kutoka hapo hadi magofu ya Efeso ni mwendo mfupi. Ukumbi wa maonyesho ambamo umati ulipiga kelele kama muda wa saa mbili, "Artemi wa Waefeso ni mkuu" (Matendo 19), bado upo na ngazi zake za mawe.

Kanisa la Maria huwapita wengi, maana njia kuu inawavuta wageni kwenye ukumbi huo na kwenye maktaba ya Celsus. Ulizia magofu yaliyo upande wa bandari ya kale, karibu na lango la chini. Ni jengo refu jembamba, na kwa mapokeo ndipo Mtaguso wa Efeso, mkutano mkuu wa maaskofu, ulipofunguliwa tarehe 22 Juni 431.

Hoja inayosikika sana hapa ni kwamba Waefeso walipokonywa mungu wao wa kike wakajitengenezea mwingine. Ni hoja ya kujibiwa kwa kuangalia kilichobishaniwa. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, hakukataa kumheshimu Maria. Alikataa neno Theotokos, Mzazi wa Mungu, akipendelea Mzazi wa Kristo, kwa kuwa aliona haifai kusema Mungu amezaliwa na mwanamke. Sirili wa Aleksandria alijibu kwamba ukimgawa aliyezaliwa, umemgawa Kristo. Swali lilikuwa mtoto ni nani. Mtaguso haukuagiza sala yoyote kwa Maria, wala sikukuu, wala sanamu.

Hata hivyo Mkatoliki asiupambe Mtaguso huo. Sirili aliufungua kabla Yohane wa Antiokia na maaskofu wake hawajafika, na ugomvi uliozuka ulipoa mwaka 433 tu, pande mbili zilipokubaliana juu ya tamko moja la imani. Sirili mwenyewe aliandika kwamba usiku ule watu waliwasindikiza maaskofu kwa mienge, wanawake wakitangulia na vyetezo. Kwa hiyo upendo wa watu kwa Maria ulikuwapo, ukisubiri fundisho liupe mipaka.

Siku ya 2. Meryem Ana

Kilomita chache juu ya Selçuk, mlimani, kuna nyumba ndogo ya mawe inayoitwa nyumba ya Maria. Ilitambuliwa mwaka 1891 na mapadre waliofuata maelezo ya maono ya mtawa Mjerumani, Anne Catherine Emmerich, aliyefariki mwaka 1824. Mapapa watatu wamesali hapa: Paulo VI mwaka 1967, Yohane Paulo II mwaka 1979, Benedikto XVI mwaka 2006. Kanisa halijawahi kutamka kwamba Maria aliishi humo. Waislamu nao huja, kwa kuwa Mariamu ana sura nzima katika Kurani.

Nje kuna ukuta uliojaa vitambaa na karatasi za maombi zilizofungwa mafundo. Hapa ndipo mambo huharibika taratibu. Anayefunga kitambaa akiamini kwamba fundo lenyewe litamletea mtoto au kazi ameshatoka katika heshima, lakini hajaingia katika kumwabudu Maria pia. Ameingia katika ushirikina, ambao ni kosa lingine na lina dawa yake nyingine. Wanaojadili mambo haya huchanganya makosa hayo mawili kila siku.

Siku ya 3. Barabarani

Kutoka Selçuk hadi Iznik, kupitia Izmir na Bursa, ni siku nzima ndani ya gari. Inatosha kumzungumzia Epifani, askofu wa Salamis huko Kipro.

Katika karne ya 4 Epifani aliandika juu ya kundi la wanawake wa Uarabuni waliotandika kitambaa juu ya kiti, wakaweka mkate, wakautoa kwa jina la Maria, kisha wakaula. Aliwaita Wakoliridi, kwa jina la Kigiriki la mkate huo mdogo. Hukumu yake ilikuwa fupi: Maria aheshimiwe, lakini Baba, Mwana na Roho Mtakatifu waabudiwe, Maria asiabudiwe na mtu yeyote. Aliona ndani yake kosa lile lile la wanawake wa nabii Yeremia, waliomwokea mikate "malkia wa mbinguni".

Ni mfano unaofaa pande zote mbili. Mprotestanti anapata uthibitisho kwamba Wakristo wanaweza kumwabudu Maria, maana wapo waliofanya hivyo. Mkatoliki anapata kipimo: mstari ulivukwa pale sadaka ilipotolewa kwa Maria. Salamu, wimbo na ombi havikutajwa. Mtaguso wa Trento, mwaka 1562, ulisema jambo hilo hilo kuhusu Misa: hutolewa kwa Mungu peke yake, hata inapoadhimishwa kwa kumbukumbu ya watakatifu.

Siku ya 4. Iznik

Iznik ndiyo Nisea. Mji una habari za mitaguso miwili, na wageni huichanganya. Ule wa mwaka 325 ulihusu Uungu wa Mwana. Tunaoufuata sisi ni wa mwaka 787, uliokutana katika kanisa la Hagia Sofia katikati ya mji. Leo ni msikiti: vua viatu, wanawake wajifunike kichwa, na usiingie wakati wa swala kwa ajili ya kupiga picha.

Malkia Irene na Patriarki Tarasio walijaribu kuukutanisha mwaka 786 huko Konstantinopoli, lakini askari waliopinga picha takatifu wakauvunja. Mwaka uliofuata ukahamishiwa hapa. Vikao vilianza tarehe 24 Septemba, na azimio likasomwa tarehe 13 Oktoba.

Azimio linatumia maneno mawili ya Kigiriki, na kila kitu kinategemea hayo mawili. Proskinesisi ni kuinama, kusujudu, kubusu kwa heshima. Latreia ni ile huduma ya kiimani inayomstahili Mungu peke yake. Picha za Kristo, za Mama wa Mungu, za malaika na watakatifu zipewe proskinesisi ya heshima, pamoja na ubani na taa, wala si latreia. Na heshima inayopewa picha humfikia aliyechorwa.

Tazama Mathayo 4:10: "Msujudie Bwana Mungu wako, umwabudu yeye peke yake." Katika Kigiriki kitenzi cha kwanza ni cha proskinesisi na cha pili ni cha latreia, na "peke yake" limefungamana na cha pili. Abrahamu aliwainamia Wahiti (Mwanzo 23), na tafsiri ya Kigiriki inatumia kitenzi kile kile cha kusujudu. Solomoni alimwinamia mama yake (1 Wafalme 2:19). Lakini mwenzetu wa upande wa pili ana Ufunuo 22:8-9 mkononi: Yohane anataka kumsujudia malaika, naye anakataa, "Angalia, usifanye hivi", na kitenzi ni hicho hicho cha proskinesisi. Kwa hiyo kitenzi peke yake hakimalizi ugomvi. Malaika anamaliza kwa "Msujudie Mungu", akionyesha kwamba alichokuwa akipewa kilikuwa haki ya Mungu. Mkatoliki anayekwenda kujadiliana bila kujua aya hiyo atanyamazishwa dakika ya tano.

Kisha likaja janga la tafsiri. Matendo ya Mtaguso yalipelekwa Magharibi kwa Kilatini kibovu, na proskinesisi ikawa adoratio. Konstantino, askofu kutoka Kipro, alikuwa amesema anazipokea picha kwa heshima na kwamba kuabudu ni kwa Utatu peke yake. Katika Kilatini alionekana akisema anazipa picha ibada ile ile anayoupa Utatu. Wanateolojia wa Karolo Mkuu, mfalme wa Wafranki, walipolisoma walighadhibika, na walikuwa na haki ya kughadhibika na maneno yaliyokuwa mbele yao. Wakaandika kitabu kirefu cha kupinga, na sinodi ya Frankfurt ya mwaka 794 ikayalaani mafundisho ambayo Nisea haikuyafundisha kamwe. Tafsiri bora zaidi ilifanywa na Anastasio, mtunza maktaba wa Papa, baada ya karibu miaka 80. Kile kitabu cha kupinga kilipochapwa mwaka 1549, Calvin, mwanamatengenezo wa Kiprotestanti, alikitumia kama silaha.

Hoja ya Calvin mwenyewe, hata hivyo, haikutegemea kosa la tafsiri, na ndiyo nzito kuliko zote. Alisema kugawa maneno kuwa latria na dulia ni mchezo wa wasomi: mtu wa kawaida aliyepiga magoti mbele ya sanamu hajui Kigiriki, na moyo wake hauna vyumba viwili. Mtakatifu Thomas wa Akwino alikuwa ameshapanga ngazi tatu, yaani latria kwa Mungu, dulia kwa watakatifu, na hiperdulia kwa Maria, ambayo imezidi dulia lakini bado ni ya kiumbe. Kwa Calvin ngazi hizo zilikuwa karatasini tu. Njia yote iliyobaki ni kutafuta kama zipo pia mwilini.

Jambo moja zaidi kabla ya kuondoka Iznik. Wale waliovunja picha, katika sinodi yao ya mwaka 754, walimlaani asiyeomba maombezi ya Maria. Sanamu ni mjadala mmoja, maombezi ni mwingine. Ukivichanganya, hutafika popote.

Siku ya 5. Roma, Santa Maria Maggiore

Papa Sixtus III, aliyeongoza kuanzia mwaka 432 hadi 440, aliikamilisha basilika hii mara baada ya Efeso. Usikimbilie picha mashuhuri ya Maria, Salus Populi Romani, upande wa kushoto. Simama kwanza katikati na utazame juu, kwenye tao lililo mbele ya altare. Kileleni pake pana kiti cha enzi kitupu chenye msalaba, Petro na Paulo wakiwa pembeni. Maria yuko kando, amevaa kama binti wa kifalme, anapashwa habari na malaika. Mamajusi walipofika, aliyeketi katikati ya kiti cha enzi ni Mtoto peke yake. Kanisa la kwanza kubwa la Maria mjini Roma, na nafasi ya katikati hakupewa Maria.

Sasa tazama nyuma zaidi, kwenye mozaiki ya Jacopo Torriti ya mwishoni mwa karne ya 13. Kristo na Maria wameketi kwenye kiti kimoja, na Kristo anamvika Maria taji. Miaka mia nane na zaidi imepita na Maria amesogea hadi katikati. Mprotestanti ataonyesha hapo kwa kidole, na asiambiwe kwamba haoni vizuri, maana badiliko lipo. Ila tazama mikono: Kristo ndiye anayeweka taji, Maria anapokea, ameinua mikono kumwelekea. Ukiondoa Kristo picha haisimami.

Upande wa kushoto, karibu na kikanisa cha picha ile, kuna kaburi la Papa Francisko aliyezikwa hapa tarehe 26 Aprili 2025. Limeandikwa Franciscus tu.

Siku ya 6. Basilika la Mtakatifu Petro

Siku ya kanuni. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikutana humu, na tarehe 29 Oktoba 1963 maaskofu walipiga kura kama Maria apewe hati yake pekee au aingizwe katika hati juu ya Kanisa. Kura 1,114 dhidi ya 1,074: aingizwe. Tofauti ilikuwa kura 40. Matokeo ni sura ya 8 ya hati hiyo juu ya Kanisa, Lumen Gentium, ya mwaka 1964, na namba 67 inawaonya wahubiri dhidi ya pande mbili: kutia chumvi, na ufinyu wa fikra.

Namba 66 inasema heshima hii inatofautiana kabisa na ile ya kuabudu, na neno lake la Kilatini kwa yote mawili ni cultus. Hapa ndipo "ibada" yetu ilipoingilia. Wafasiri walihitaji neno la cultus, na Kiswahili kikawapa ibada, ambalo kwa asili yake ya Kiarabu ni haki ya Mungu peke yake. Baadaye likatanuka: ibada ya mazishi, ibada ya Jumapili, ibada ya Rozari. Mimi ningesema "heshima kwa Bikira Maria" na kuliacha ibada kwa Mungu. Si kwamba waliotafsiri walikosea dini. Walikosea jirani, ambaye analisikia neno kwa maana yake ya kwanza.

Maelekezo ya Jumla ya Misale ya Kirumi, yaani ya kitabu cha Misa, yanaleta jambo hili hadi mwilini, namba 274 hadi 277. Kupiga goti, goti la kulia hadi sakafuni, ni alama ya kuabudu: ni kwa Ekaristi Takatifu, na kwa Msalaba kuanzia ibada ya Ijumaa Kuu hadi mkesha wa Pasaka. Likitajwa jina la Maria, kichwa huinama. Chetezo hupungwa mara tatu mbele ya Sakramenti na sanamu ya Bwana, mara mbili mbele ya masalia na sanamu za watakatifu, Maria akiwemo. Usiifanye hesabu hiyo kuwa hoja kuu, kwa sababu padre na waamini nao hufukizwa mara tatu, na hakuna anayewaabudu. Goti ni ushahidi ulio imara zaidi. Ukiingia kanisani tafuta kwanza taa ya tabernakulo, kisanduku kinamohifadhiwa Ekaristi, piga goti hapo, ndipo uende kwa Mama. Anayepita tabernakulo bila kuinama akaenda kuangukia sanamu amempa Calvin anachokitaka.

Tarehe 4 Novemba 2025 Idara ya Mafundisho ya Imani ilitoa hati Mater Populi Fidelis, iliyosema kwamba kumwita Maria Mkombozi Mwenza haifai kamwe, kwa kuwa jina hilo linafunika kazi ya Kristo aliye mpatanishi mmoja (1 Timotheo 2:5). Wapo Wakatoliki walioumia. Kwangu ni Lumen Gentium namba 67 ikitekelezwa.

Siku ya 7. Loreto

Treni hadi Ancona, kisha mwendo mfupi. Ndani ya basilika kuna kuta za Nyumba Takatifu, ambayo kwa mapokeo ni nyumba ya Maria ya Nazareti, zimezungushiwa marumaru, na kwenye ngazi ya marumaru kuna mifereji miwili iliyochimbwa na magoti ya wahujaji walioizunguka karne kwa karne. Goti lililokunjwa kwa kuomba toba na goti la kuabudu havitofautiani kwa umbo, na lazima tukiri hivyo. Kinachoyatenganisha ni maneno yanayotoka kinywani.

Litania ya mahali hapa iliidhinishwa mwaka 1587. Isome polepole. "Mungu Baba wa mbinguni, utuhurumie." "Maria Mtakatifu, utuombee." Inaanza na utuhurumie kwa Mungu, inapita katika majina ya Maria yote kwa utuombee, inarudi kwa Mwanakondoo wa Mungu na utuhurumie tena. Utuhurumie haiendi kwa Maria hata mara moja. Kosa la kawaida ni la kasi: waitikiaji wakishazoea utuombee huiendeleza hadi kwa Mwanakondoo, na hapo wamemwomba Kristo awaombee kana kwamba si Mungu. Kiongozi atulie kabla ya mstari huo na kubadili sauti.

Kuna sala ngumu zaidi. "Tunaukimbilia ulinzi wako" ina neno utuokoe. "Salamu Malkia" inamwita Maria uzima na matumaini yetu. Ni lugha ya mapenzi, na humalizikia kwa kumwomba atuonyeshe Yesu, lakini mtu akiitwaa peke yake ina makali. Katekista aifafanue kabla hajaulizwa.

Siku ya 8. Njiani

Kurudi Roma, kisha Ufaransa. Rozari moja: Salamu Maria 53, Baba Yetu 6. Matendo yote ya Rozari, yaani mafumbo ya kutafakari, ni 20, na mawili tu, Kupalizwa na Kutawazwa, yanamhusu Maria mwenyewe kuliko Mwanae. Nusu ya kwanza ya Salamu Maria imetoka Luka sura ya 1. Ombi lote la nusu ya pili ni neno moja: utuombee.

Siku ya 9. Lourdes

Maria alimtokea Bernadette Soubirous, msichana wa hapa, mara 18 mwaka 1858, kuanzia tarehe 11 Februari hadi 16 Julai, na askofu akayatambua matukio hayo mwaka 1862. Mkatoliki halazimiki kuamini: ufunuo binafsi si sehemu ya amana ya imani.

Katika msimu, kuanzia Pasaka hadi Oktoba, kuna maandamano mawili kwa siku, na asiyeona yote mawili hajaona Lourdes. Saa kumi na moja jioni ni ya Ekaristi. Wagonjwa wanatangulia kwenye viti vya magurudumu, monstransi, chombo cha kuonyeshea Ekaristi, inabebwa chini ya mwavuli wa kitambaa, na maandamano yanaishia katika basilika la chini ya ardhi la Mtakatifu Pio X. Padre anapoinua monstransi, anayeweza kupiga goti anapiga, na ukumbi wote mkubwa unakuwa kimya.

Saa tatu usiku ni ya Maria. Shika mshumaa wenye kikinga cha karatasi dhidi ya upepo; bila hicho nta itakumwagikia mkononi. Kikinga kimechapwa maneno ya wimbo. Sanamu inabebwa mbele, Rozari inasaliwa kwa lugha kadhaa, na kila ifikapo "Ave, ave, ave Maria" maelfu ya mishumaa inapanda juu kwa pamoja. Tazama magoti usiku huo. Sanamu inapita, watu wanainua mishumaa, wanaimba, wengine wanalia, na wanabaki wamesimama. Wale wale walioanguka magotini saa nne kabla.